Uvimbe Ukiyeyuka, Usifunge Mzigo

Mtoto akivimba taya huku kwetu Kanda ya Ziwa, tiba hazikosekani. Kila anayekuja kumjulia hali anaacha ya kwake. Mwanangu alikuwa na miaka sita, na zetu zilianza na jino: gego la juu lilianza kucheza, fizi ikavimba, zahanati wakaling'oa na kutupa antibayotiki. Shangazi yake akaleta majani ya kukanda. Jirani mmoja, mtu wa heshima zake, akasema hilo ni jipu la kutumiwa, likiguswa na wembe wa hospitali mtoto tumempoteza, kwa hiyo tuvuke kwanza ziwa tukamwone mtaalamu anayemfahamu. Mjomba wake wa mjini akapiga simu: uzeni kiwanja, mkamkate huo uvimbe hospitali ya binafsi, ikishindikana mpelekeni India, mengine tutajua mbele ya safari. Tulikuwa kwenye kikao muda wote huo, na uvimbe haukutusubiri tufikie mwafaka. Jumapili shavu lilikuwa limejaa kama mtu aliyetia kipande cha mua kinywani. Ijumaa jicho la upande ule lilikuwa limeanza kusukumwa juu, na meno jirani na lile pengo yanacheza. Mwenyewe alinionyesha jinsi anavyoweza kuyasukuma kwa ulimi, akicheka.

Hospitali ya wilaya walimtazama dakika chache wakaandika rufaa ya Mwanza siku ileile. Yule daktari kijana mpaka leo namwombea mema. Hakusema neno kansa. Alisema tu, "Baba, msilale hapa. Boti ya jioni bado ipo?"

Mwanza walimchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe wakavuta seli, kisha wakakata na kinyama kidogo kwenda maabara. Ikafuata picha ya damu, kipimo cha VVU, ultrasaundi ya tumbo, sindano ya uboho na sindano ya mgongo. Niliona ni mateso yasiyo na sababu, maana uvimbe uko tayani na kila mtu anauona. Tumbo na mgongo vina kosa gani? Jibu likaja pamoja na majibu ya vipimo. Ilikuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Chembe hizo kazi yao ni kutembea mwili mzima, kwa hiyo unachokiona usoni huenda ndicho kidogo. Kuna watoto ambao taya ni zima kabisa na tumbo ndilo limejaa, figo au vifuko vya mayai ya uzazi vikiwa vimezingirwa. Wangu tumbo lilikuwa safi, uboho safi, na maji ya uti wa mgongo safi. Kwa lugha ya hatua walizoandika kwenye faili, tulikuwa tumewahi, pamoja na vikao vyetu vyote.

Daktari bingwa alikuwa mwanamama mtaratibu, asiyependa kuulizwa mara mbili lakini anajibu. Alinieleza kwamba seli za ugonjwa huu zinaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na kwamba ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu. Akaongeza kitu ambacho sikukitegemea: kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya isalimu amri kwa dawa, kwa sababu dawa hizi huua seli zinapojigawa. Saratani inayokwenda polepole mara nyingi ni kaidi zaidi.

Basi nikamwaga yote tuliyoshauriwa nyumbani, moja baada ya lingine. Nilitaka nikipigiwa simu niwe na majibu.

La kwanza lilikuwa la kukata. Kwa nini wasiutoe uvimbe ukaisha? Akasema aliyeueleza ugonjwa huu kwa ulimwengu, Denis Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji, tena hapo jirani, Mulago, Kampala. Aliuandika mwaka 1958 baada ya kuona watoto wenye taya zilizovimba namna moja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza kama wameona watoto wa namna hiyo, na ramani yao ikaonyesha kwamba ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, kule malaria inakokaa mwaka mzima. Mtu huyo kisu alikuwa nacho na alijua kukitumia, lakini kilichowafaa wale watoto kikawa dawa alizoanza kuzijaribu miaka ya 1960. Siku hizi upasuaji unabaki kwa kuchukua kinyama cha kupima, au pale utumbo unapoziba, au uvimbe mdogo wa tumboni unapoweza kutoka wote bila kumwumiza mtoto. Kumkata mtoto taya ni kumharibu uso na kuchelewesha dawa mpaka kidonda kipone.

Mionzi? Inapiga sehemu moja, na ugonjwa huu si wa sehemu moja. Kwa Burkitt haijaongeza uponaji juu ya dawa, na uso wa mtoto anayekua ukipigwa mionzi mifupa yake haikui sawasawa.

India, hilo la mjomba, nalo alilijibu bila kukunja uso. Katika nchi zenye uwezo, alisema, watoto wenye Burkitt wanapona zaidi ya tisa kati ya kumi. Wanapewa dozi nzito kuliko zetu, na wale wenye hatua za juu wanaongezewa rituksimabu, dawa inayozisaka chembe zenye alama fulani juu yake. Kuna utafiti wa mataifa mengi uliochapishwa mwaka 2020 ambao ulionyesha kwamba kwa watoto wa hatari kubwa, ikiongezwa dawa hiyo, baada ya miaka mitatu karibu 94 kati ya 100 wako hai bila ugonjwa kurudi wala tatizo jingine kubwa, wakati bila hiyo ni kama 82. Hakunificha kwamba hospitali za ukanda wetu haziko hapo, na kwamba nyingi zimekuwa zikiponya kama nusu ya watoto au zaidi kidogo. Ila akanitaka nielewe tofauti hiyo inatoka wapi. Dozi nzito zinashusha chembe nyeupe mpaka mtoto anahitaji chumba cha uangalizi maalumu, damu ya kutosha na antibayotiki kali. Bila hivyo vitu dozi yenyewe inaua. Na sehemu kubwa ya watoto wetu wanaopotea, alisema, wanapotea kwa kuchelewa kuja au kwa kuondoka kabla ya kumaliza. Kisha akanitazama. "Wa kwako amewahi. Ukianza kutafuta pasipoti leo, hatakuwa amewahi tena."

Kiwanja hatukuuza.

Kuhusu jipu la kutumiwa, wala sikuuliza. Mwenyewe alilileta kwa mlango mwingine, pale mke wangu aliposhika simu kutoka nyumbani akilia, akiuliza amtenge mtoto mchanga na nguo za kaka yake au vipi. Daktari akamwambia hapana, hauambukizi hivyo. Ndani ya seli za ugonjwa huu kuna kirusi kiitwacho Epstein-Barr, kilichogunduliwa London mwaka 1964 kwenye vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Uganda. Huku kwetu karibu kila mtoto hukipata mapema, anakaa nacho maisha yake yote, hakimdhuru. Malaria inayorudirudi ndiyo inayovuruga kinga, na kwa wachache sana, kati ya maelfu kwa maelfu, chembe moja inapotoka njia. Hakuna mama aliyekosea chakula wala ukoo uliolaaniwa. Mke wangu alihitaji kusikia hilo kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe, maana mama yangu mzazi alikuwa ameshaanza maswali.

Nilidhani dawa inaanza siku ileile. Ikaanza dripu ya maji. Maji tu, usiku na mchana, pamoja na vidonge vya alopurinoli. Sababu ni kwamba uvimbe unaoyeyuka kwa kasi unamwaga uchafu wake wote kwenye damu kwa wakati mmoja, potasiamu na asidi ya yuriki, na figo zikilemewa mtoto anaweza kufa kwa dawa kufanya kazi vizuri mno. Kwa hiyo mkojo ndio ulikuwa habari ya siku. Sista alinipa jagi la plastiki lenye mistari na daftari la shule. Kila akikojoa nasoma mstari, naandika saa na mililita. Mkono wangu umezoea kuandika ndoo za dagaa, nikawa nachora mistari kama ya stoo, na sista alipopitia akasema daftari langu ndilo pekee wodini analoweza kulijumlisha. Usiku mmoja mstari ulishuka. Nilimwamsha sista kabla hajaniuliza, wakaongeza maji, na asubuhi akakojoa jagi zima huku anasinzia. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Niseme na hili: wodi ya watoto ni ya akina mama. Mwanaume anayelala pale anaangaliwa kama amepotea njia. Mke wangu alikuwa na kichanga, kwa hiyo zamu ikawa yangu, na akina mama wale baada ya siku chache walinipa jina la Mama Kidume na kunifundisha kila kitu ambacho faili halisemi: nani wa kumwona ustawi wa jamii ili usikwame kwenye gharama za vipimo, uji upi unapita koo lenye vidonda, na kwamba vidonge vyake vya prednisoloni vitamfanya mtoto aamke saa nane za usiku anadai ugali na samaki. Alidai kweli.

Dawa zenyewe zilikuwa saiklofosfamaidi na vinkristini za mshipani, methotreksati, na hivyo vidonge vya prednisoloni. Halafu kuna sindano ya mgongoni, ya kuzuia ugonjwa usijifiche kwenye ubongo, kwa sababu dawa za mshipani hazifiki huko vya kutosha. Ile ndiyo iliyonitoa jasho. Unamlaza mtoto ubavu, unamkunja magoti na kidevu vikutane, unamshika asicheze. Nilishika. Nilisikia pumzi yake kwenye kiganja changu mpaka daktari aliposema tayari. Niligundua pia kwamba vinkristini haipangwi pamoja na sindano ya mgongo, na kwamba wauguzi wawili husoma lebo kwa sauti kabla ya kudunga. Nikauliza. Dawa hiyo ikiingia mgongoni kwa bahati mbaya inaua, haina marekebisho. Tangu hapo na mimi nikawa nasoma lebo, nao hawakuchukia.

Kuna mzee aliyekuja kumtazama mjukuu wake akasikia kwamba vinkristini imetokana na ua, lile dogo la zambarau au jeupe lenye asili ya Madagaska ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba. Ni kweli kabisa. Kesho yake akaja na chupa ya majani yaliyochemshwa. Daktari hakumdharau. Alimwambia, "Mzee, ua lako ndilo hilo, hujakosea. Lakini inahitajika magunia kwa magunia ya majani kupata vichupa vichache, na ndani ya jani lilelile kuna sumu nyingine. Sisi tunampima mtoto kwa kilo na urefu, wewe utampimia kwa nini?" Mzee akanywa chai, chupa akarudi nayo.

Sasa nifike ninapopataka. Baada ya dozi ya kwanza, siku ya nne au ya tano, taya lilikuwa limenywea. Kabla ya dozi ya pili jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Usingejua ni mtoto yuleyule. Akina mama walipiga vigelegele, nikapiga picha nikatuma nyumbani, na jioni ileile simu ikaita. Alikuwa baba yangu. "Mwanangu, mjukuu wangu amepona. Mrudishe. Hizo sumu za nini tena? Na huku dagaa wamejaa, wewe umekaa mjini."

Kila mzazi kwenye wodi ile alikuwa amepigiwa simu hiyo. Kuna waliofunga mzigo. Mama mmoja wa upande wa Geita aliitwa na mumewe baada ya dozi ya pili, kwa sababu ambazo ukizisikia huwezi kumlaumu: mtoto mwingine mgonjwa, mahindi shambani, nauli ya kurudi ikopwe. Alirejea baadaye mtoto akiwa na tumbo lililotuna na miguu haina nguvu. Ugonjwa ukirudi hivyo dawa zilezile hazifanyi kazi kama mwanzo, na zile za pili ni kali na ni ghali. Hakutoka naye.

Nilimpa daktari simu aongee na baba. Baba yangu alikuwa karani wa mizani ya pamba ujana wake. Hoja za hisia hazimwingii, hesabu zinamwingia. Daktari sijui alijuaje, lakini alimpa hesabu. Uvimbe wa ukubwa wa ncha ya kidole una seli kama bilioni moja. Dawa ikiua 999 katika kila 1,000, umebakiwa na milioni moja. Hizo huzioni kwa macho, na ultrasaundi nayo haizioni. Zikijizidisha mara mbili kila baada ya siku mbili, siku ya ishirini zimeshazidi bilioni tena. Ndiyo maana dozi zinafuatana na tarehe haisogezwi. Kwenye spika nilimsikia baba anahesabu kwa sauti ya chini, mbili, nne, nane, kumi na sita. Alifika 1,024 akanyamaza. Kisha akauliza mtoto anahitaji nini cha kula, na Jumamosi akatuma hela kwa simu. Mambo ya kumrudisha hayakusikika tena, hata kwa mama.

Watu hudhani wazazi wanaoondoka hawajaelewa. Wengi wameelewa vizuri tu. Kinachowatoa ni nauli, shamba, watoto waliobaki, na kukosa pa kulala kati ya dozi na dozi. Dawa kwetu hazikutozwa, lakini dawa bure haikupi kitanda. Sisi tulinusurika kwa sababu shemeji yangu ana chumba Buhongwa, hapohapo Mwanza. Angekuwa hana, sijui kama hesabu za baba zingetosha.

Na kukaa karibu kulituokoa kwa njia nyingine. Kati ya dozi chembe nyeupe hushuka, na homa ya nyuzi 38 kwenye kipindi hicho ni dharura kama ajali, ya kukimbizwa usiku uleule. Nilikuwa nimenunua kipimajoto duka la dawa, nikakifunga kamba nikakivaa shingoni. Ilifika 38.6 usiku wa manane. Shemeji, kwa nia njema, alishauri panadol mpaka kuche. Tukapanda bajaji. Mtoto alikuwa anachezacheza, hana hata dalili ya mgonjwa, na mlinzi getini alitutazama kwa mashaka, lakini nikataja maneno matatu niliyofundishwa, "yuko kwenye kemo," yaani dawa za saratani, na antibayotiki ya mshipani ikaingia bila kusubiri majibu ya damu. Alfajiri alikuwa anatetemeka kitanda kizima kinalia. Tungekuwa nyumbani visiwani, ningekuwa nasubiri boti.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba vitanda vitatu vyenye jina limfoma vilikuwa na magonjwa matatu. Mvulana wa miaka kumi na miwili kando yetu alikuwa na mitoki ya shingo iliyokua taratibu kwa miezi. Alikuwa ameshatumia dawa za kifua kikuu bila nafuu mpaka kinyama kilipokatwa na kuonekana ni limfoma ya Hodgkin. Dawa zake zilikuwa nyingine, mojawapo nyekundu kama juisi ya rozela, na daktari alikuwa ametaja kwamba huenda mionzi ikahitajika baadaye kutegemea mitoki itakavyoitikia. Huo ni ugonjwa unaopona vizuri sana ukitambuliwa. Binti mwingine uvimbe wake ulikuwa ndani ya kifua, akishindwa hata kulala chali. Ule wake unatibiwa kwa mpango kama wa lukemia, saratani ya damu, zaidi ya miaka miwili, sehemu kubwa kwa vidonge akiwa nyumbani. Baba yake alipotuona sisi tunamaliza ndani ya miezi, alitaka kujua tumemhonga nani. Ratiba ya mtoto mmoja haimfai mwingine hata kama jina kwenye faili linafanana, na kulinganisha kwenye benchi la kliniki kumewavuruga watu wengi.

Mwanangu yuko darasa la pili. Upande wa kushoto ana mapengo ambayo daktari wa meno anasema baadhi hayatajazwa na jino la asili, na akila muhogo wa kuchoma anautafuna upande mmoja. Burkitt ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Tumeuvuka, kliniki tunaendelea nayo, na chandarua hakijadiliwi nyumbani kwangu.

Siku hizi napigiwa simu na watu nisiowajua, namba yangu imetembea. Nawaambia hospitali za Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam zote zinatibu watoto wenye saratani, waende iliyo karibu zaidi na ndugu mwenye chumba. Kama kinyama kimeshakatwa huko wilayani, waombe majibu kwa maandishi na kile kibloku chenye sampuli waondoke nacho mkononi, wasiambiwe kitafuata. Wabebe kipimajoto, daftari, na namba ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye wazee wanamsikiliza. Halafu nauliza: nani atabaki na watoto wengine, na kwa muda gani? Wengi hawakutegemea swali hilo. Nawaacha walijibu kabla hatujaendelea na mambo ya dawa.